Usingizi wa Mchana

Arash, 14 Januari 2023

Shemeji Lomayani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Karatu pamoja na Mama Emmanueli na mtoto. Huku kwetu Resiato hajambo, shule imefunguliwa. Ng'ombe waliobaki baada ya ukame wanasimama wenyewe sasa, hatuwanyanyui tena asubuhi.

Utashangaa kwa nini naandika na simu zipo. Mtandao huku unashika juu ya kilima tu, na pale kilimani hukosi watu saba wamekaa wanasubiri zamu na masikio yao wazi. Jambo hili siwezi kulipigia kelele mbele ya watu. Nimempa Martini, dereva wa lori la mahindi, akufikishie mkononi.

Ni kuhusu mdogo wako. Ngoyai analala.

Usicheke kwanza. Tangu mliporudi kutoka kule porini mlikopeleka ng'ombe, alikuwa na homa za kuja na kuondoka. Tukasema malaria, akanywa dawa, ikapoa. Baada ya Krismasi ndipo usingizi ukamwingia. Usiku anakaa macho wazi, au anatoka anazunguka zizi akiwaita ng'ombe kwa majina, hata wale waliokufa. Mchana ndio analala. Juzi alilala amesimama, ameegemea fimbo, na fisi akachukua ndama mchana kweupe, hatua ishirini kutoka aliposimama. Nilipofika nikamwuliza, "Baba Resiato, hukumwona?" Akanijibu taratibu, "Nilimwona. Nilidhani naota."

Watu wameanza kusema ni pombe. Mimi ndiye ninayeishi naye nyumba moja, na hajanywa. Naomba ruhusa yako nimpeleke hospitali Wasso. Wewe ndiye mkubwa wa boma. Bila neno lako wazee hawatamruhusu atoke.

Ni mimi,
Nalotuesha, mama Resiato

&nbsp;

Karatu, 23 Januari 2023

Mama Resiato,

Salamu. Barua nimeipata, nimeisoma getini kwenye taa.

Wewe ni mwanamke mwenye akili. Ndiyo maana nilikubali Ngoyai akuoe, ingawa wengine walisema msichana aliyefika kidato cha pili atatusumbua. Sasa usinifanye nijute.

Mdogo wangu namjua kuliko unavyomjua. Nimemchunga yeye kabla hajajua kuchunga mbuzi. Hiyo ni gongo, na anayemletea yupo hapo hapo bomani. Unasema ugonjwa. Ugonjwa gani? Tulikuwa porini pamoja majuma matatu. Tulikula sufuria moja, tulilala chini ya mti mmoja, na wale mbung'o, hawa tunaowaita ndorobo, walituuma wote. Mimi waliniuma nyuma ya shingo mpaka pakavimba kama yai. Mbona mimi sijaanguka?

Tena nikwambie, siku hizi silali kabisa. Zamani nilikuwa naiba nusu saa alfajiri, mlinzi gani hafanyi hivyo. Sasa jua linachomoza macho yangu makavu. Meneja wa hoteli amenisifu mbele ya wenzangu, akasema angepata walinzi wawili kama mimi angewaondoa mbwa. Kichwa tu kinanigonga, nadhani ni hizi taa mpya.

Hospitali hapana. Ikisikika kwamba Ngoyai ameharibikiwa akili, wazee watalitoa kundi mikononi mwake walipeleke kwa binamu zetu wa Oloipiri, na likishakwenda halirudi. Kuna methali inasema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Hiyo ni methali ya wavivu. Mwamshe. Mmwagie maji. Mtembeze. Mwambie kaka yako amesema: amka, uangalie mali ya baba yako.

Na watu uwafungie mdomo.

Lomayani

&nbsp;

Arash, 11 Februari 2023

Shemeji Lomayani,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyoagiza. Nimemmwagia maji ya alfajiri, na unajua baridi ya huku. Anashtuka, anatembea hatua kumi, magoti yanamwisha, analala tena akiwa ameloa. Nikaacha.

Usiku nimemfunga mguu na mkono wangu kwa kipande cha shuka, ili akiinuka niamke. Kwa hiyo na mimi silali. Juzi aliinuka nikamfuata hadi mlangoni. Resiato alikuwa ameamka anataka maji. Ngoyai akamnyanyulia fimbo akamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Mtoto alidhani baba yake anatania. Akacheka. Nilimdaka mkono fimbo ikiwa inashuka.

Siwezi kukuficha yanayosemwa. Wifi Nanyori anasema ninamtilia kitu kwenye maziwa ili alale, nipate kutoka. Amewaambia wazee. Sasa kila jioni nakamua mbele yake, na yeye anaonja kwanza kabla Ngoyai hajapewa. Nimekubali. Laiboni naye ametikisa kibuyu chake, akasema kuna mtu amemwita Ngoyai kutoka mahali pengine, na yeye ameitika. Nikamwuliza ameitwa na nani. Akasema hilo aulizwe mke.

Shemeji, yule mdudu aliyekuuma shingoni, uvimbe wake uliisha? Nauliza kwa sababu nimemgusa mume wangu nyuma ya shingo na nimekuta vijivimbe vidogo, vinateleza chini ya ngozi kama maharage. Havimwumi. Hajui kama vipo.

Nakuomba kwa mara ya pili. Niruhusu.

Nalotuesha

&nbsp;

Karatu, 19 Februari

Mama Resiato,

Barua yako nimeipata. Nimeipata barua yako.

Nimesema amka. Mara ngapi niseme? Nanyori amenipigia kutoka kilimani, amenieleza habari ya maziwa. Mimi sisemi ni kweli na sisemi si kweli. Nasema nani anamlaza mdogo wangu? Mtu halali hivi hivi. Analazwa.

Jana usiku ng'ombe wa baba walipita hapa hotelini. Wote. Wale weupe, na yule dume mwenye pembe moja aliyekufa mwaka niliotahiriwa. Nilisikia kengele zao kwanza huku kwenye mashamba ya ngano, halafu wakaja barabarani wamepanga mstari. Nikawafungulia geti. Asubuhi meneja ananiuliza, Lomayani, ulimfungulia nani? Nikamwambia. Hawa watu wa mjini hawajui ng'ombe.

Uvimbe wangu haukuhusu. Mimi silali. Barua yako nimeipata.

Sikiliza. Ukimtoa bomani bila neno langu, utarudi kwa baba yako kwa miguu, peke yako, na Resiato atabaki. Nakuja mwenyewe. Mwezi ukiisha nakuja kumwamsha kwa mkono wangu, na wewe utakuwepo unaangalia.

Lomayani

Lomayani

&nbsp;

Karatu, 2 Machi 2023

Kwako Mama Resiato,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ni mimi Blandina, mke wa shemeji yako. Tulionana mara moja tu, siku ya harusi yako, nilikuwa mgeni sijui lugha na wewe ukanikalisha karibu na moto. Sijasahau.

Unisamehe. Nilikuwa nafua koti la ulinzi la Baba Emmanueli nikakuta barua yako ya mwezi uliopita mfukoni, nikaisoma. Sikukusudia kuingilia mambo ya boma lenu. Sisi wengine tumezoea kulima vitunguu vyetu na kunyamaza.

Sisi hatujambo. Baba Emmanueli hajambo, amechoka na kazi tu, kwa sasa yuko likizo. Simu yetu iliingia maji, ndiyo maana hamtupati.

Nina swali moja dogo, na si langu. Hapa nina jirani, mume wake anasumbuliwa. Tangu Januari mwanamke huyo aligusa shingo ya mumewe akakuta vitu kama hivyo ulivyoandika, kama maharage. Hakumwambia mtu. Aliogopa ni ule ugonjwa ambao wanaume wanautoa nje. Mume huyo anafanya kazi ya usiku, kwa hiyo akilala mchana hakuna anayeshangaa, na mkewe alikuwa anawafukuza kuku uani wasimwamshe. Sasa analala na kijiko mkononi. Usiku anaongea na watu ambao hawapo.

Nauliza kwa niaba yake: Ngoyai alianzaje? Na je, siku hizi akiamshwa anaamka?

Nijibu kwa mkono wa huyu huyu Martini, anipe barua mimi mwenyewe, asimpe mtu mwingine.

Ndimi dada yako,
Blandina

&nbsp;

Hospitali, Wasso, 12 Machi 2023

Mama Emmanueli,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Barua yako ilinikuta mguu mmoja uko kwenye gari.

Ngoyai aliacha kuamka. Tarehe tano alilala chakula kikiwa mdomoni. Nikamwita, nikamtikisa, nikamminya sikio kwa kucha. Alifungua macho, akaniangalia kama mtu anayechungulia kutoka shimoni, akayafumba. Siku ya tatu gari la chanjo za watoto likaja Arash. Nikamvuta muuguzi nikamwonyesha. Alimgusa shingo mara moja tu akasema, "Mpakie sasa hivi."

Mlangoni mwa boma alikuwa amesimama Mzee Sairowua na wazee wenzake wawili, fimbo zimekata njia.

"Mgonjwa anatoka kwa neno la nani?" akaniuliza.

"La kaka yake."

"Liko wapi?"

Mama Emmanueli, barua ya mumeo, ile inayosema nikimtoa nitarudi kwa baba yangu bila mwanangu, nilikuwa nayo kifuani. Niliitoa nikampa. Mzee hajui kusoma, lakini sahihi ya Lomayani anaifahamu kwenye vibali vya kuhamisha ng'ombe. Akaigeuza huku na huku.

"Ameandika jina lake mara mbili," akasema.

"Ndiyo, baba. Ili mjue amesisitiza."

Nanyori alikuwa nyuma yake, na Nanyori anajua kusoma. Nilimwona amenyoosha shingo juu ya bega la mzee, macho yake yanakwenda mstari kwa mstari mpaka chini. Nikasema moyoni, basi, mtoto wangu nimempoteza. Nanyori akanitazama. Halafu akasema, "Mpisheni apite, gari linaondoka." Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu alikuwa ameonja maziwa yale mwezi mzima na hakulala hata siku moja.

Sasa sikiliza, na usikae ukisoma hii. Simama.

Daktari alichukua damu ya Ngoyai akaitazama kwenye darubini, akaniita na mimi nitazame. Kuna wadudu ndani, wembamba, wanajisokota katikati ya damu kama viluwiluwi kwenye dimbwi. Wakamtoa na maji ya uti wa mgongo. Nako wamefika. Ugonjwa wenyewe ni malale. Ndorobo ndiye anayeuleta. Haukai kwenye pombe wala maziwa, na hakuna aliyemwita. Ukiingia kichwani unageuza usiku kuwa mchana, unamvuruga mtu akili, unamlaza, na usipotibiwa humwamshi tena. Dawa ipo. Imeletwa kwa gari jana, ameanza leo.

Kisha daktari akaniuliza, "Huko porini alikuwa na nani?"

Nikasema, "Na kaka yake."

"Kaka yake yuko wapi?"

"Karatu. Ni mlinzi wa usiku. Anasema halali kabisa."

Daktari aliweka kalamu chini.

Mama Emmanueli, jirani yako sitamwuliza jina. Mpeleke mumewe hospitali leo, akikataa mfungeni, na umwambie daktari wa huko neno hili moja: malale. Wasimpe dawa ya malaria wakamrudisha nyumbani, maana sisi tulifanya hivyo. Nimekupigia kutoka simu ya muuguzi mara tisa. Haipatikani. Martini anasema lori litaondoka kesho mvua isipoharibu njia.

Nalotuesha

&nbsp;

Karatu, 27 Machi 2023

Mama Resiato,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na nane jioni. Martini anasema lori lilikwama siku nne kwenye tope. Usimlaumu, alikuja nayo mbio mpaka shambani, hajanawa hata uso.

Nitakueleza kwa mpangilio, nikiruka kitu nitashindwa kurudi.

Jirani hakuwepo. Ulijua. Likizo pia haikuwepo. Mume wangu aliachishwa kazi tarehe ishirini na mbili Februari, baada ya kumpiga dereva wa watalii rungu la bega akidhani ni mwizi wa ng'ombe. Simu haikuingia maji. Aliizamisha mwenyewe ndani ya sufuria ya maharage iliyo jikoni, akasema kengele zake zinamwudhi baba yake. Nilikuandikia uongo kwa sababu kwetu Karatu watu waliniambia tangu mwanzo, unaolewa na Mmasai, siku moja atakuacha uani na mtoto. Sikutaka waone walisema kweli.

Tarehe kumi na nne alfajiri niliamka nikakuta amevaa koti la ulinzi limefungwa vifungo vyote, amesimama katikati ya chumba. Alikuwa na uso wake wa zamani. Nilifurahi, Mama Resiato. Nilidhani amepona.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Arash. Ngoyai amelala sana. Nakwenda kumwamsha."

"Subiri basi."

"Basi linazunguka. Nitakatisha msituni, kesho niko nyumbani."

Akamwinua Emmanueli akamnusa kichwa, kama mnavyofanya ninyi. Akatoka. Ningeweza kupiga kelele. Majirani wangekuja, wangemkamata. Nilisimama mlangoni nikiwaza watu watasema nini.

Alipita njia ya wakata kuni kupanda ukingo wa kreta. Askari wa hifadhi walimkuta tarehe kumi na sita, ng'ambo ya bonde la kwanza. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye mti, mikono ndani ya mikono ya koti, ukungu umemlowesha mpaka shati la ndani. Walidhani amepumzika. Walimwita kwa Kiswahili na kwa Kimaa. Walikuta nyayo za nyati zimemzunguka pande zote, na hazikumgusa. Alikuwa anapumua.

Walimleta hospitali hapa. Nikakaa naye. Waliniuliza anaumwa nini nikasema sijui, na hapo sikudanganya, sikujua jina la ugonjwa. Wakatibu homa, wakatibu mapafu. Barua yako ilipokuja nilikimbia nayo mikononi. Daktari aliisoma amesimama, hakumaliza, akaita mtu wa maabara kutoka nyumbani kwake. Walipima saa ile ile. Ni kweli, malale. Dawa ikaagizwa. Walisema itafika tarehe ishirini na mbili.

Ilifika tarehe ishirini na mbili, saa nane mchana. Baba Emmanueli alifariki siku hiyo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, muuguzi wa zamu ya mchana akiingia wodini na kutuuliza mmeamkaje.

Nilimwita. Nilimwita kwa majina yake yote, lile la ubatizo na lile la kwenu ambalo hataki nilitaje. Nilisoma barua yako yote sikioni mwake ili ajue mdogo wake ametibiwa. Kidole kimoja kilisogea. Muuguzi alisema ni mishipa tu.

Tumemzika hapa nyumbani, juu ya shamba. Wazee wenu walituma watu wawili. Mmoja wao, Mzee Sairowua, alinishika kichwa akasema, "Alikuwa mtu mwema, aliruhusu mdogo wake atibiwe." Nilimjibu ndiyo.

Mwambie Ngoyai wewe. Mimi sina maneno.

Niliyajua maharage yale tangu Januari. Kila nikifumba macho nayakuta kwenye ncha za vidole vyangu.

Blandina

&nbsp;

Arash, 6 Mei 2023

Mama Emmanueli, dada yangu,

Nimechelewa kukuandikia. Nilianza mara tatu nikachana.

Ngoyai yu hai. Dawa ile ilimtesa, ilimtapisha, siku mbili nilidhani yenyewe ndiyo itakayomwua. Siku ya sita aliamka. Hakuamka kama kwenye hadithi, mtu anaketi anaomba uji. Alikuja kidogo kidogo. Kwanza alilia kwa sababu mwanga ulimwumiza macho. Kesho yake alijua jina langu. Kesho kutwa aliuliza, "Mvua imenyesha?" Nikasema imenyesha. Akasema, "Basi kaka atakuwa na furaha."

Barua yako ya msiba ilipofika, sikumwambia. Daktari alinishauri nisubiri apate nguvu, na mimi nikalipokea shauri lile kwa mikono miwili, maana niliogopa. Nilimficha majuma mawili. Kila siku anauliza, mbona Lomayani haji, nami nasema njia ni tope.

Nilimwambia tulipofika nyumbani, asubuhi, akiwa ameketi kwenye kigoda jua linampiga. Hakulia. Akaniambia, "Nisomee barua zake." Nikamwambia hazifai. Akasema, "Ni sauti ya kaka yangu, nisomee." Nikamsomea ya Januari, yote, hata pale anapomwita mlevi. Akatabasamu pale aliposema amemchunga kabla hajajua kuchunga mbuzi. Nikamsomea ya Februari. Nilipomaliza jua lilikuwa limetuhama. Akasema, "Huyu wa kwanza ni kaka yangu. Huyu wa pili simjui. Huyu alikuwa anaomba msaada na hakuna aliyemsikia, hata mwenyewe."

Na mimi niliisoma barua ile ya pili mara nyingi kuliko mtu yeyote, dada. Ng'ombe waliokufa wanapita getini. Nilikuwa na mume anayewaita ng'ombe waliokufa usiku, nalala nimefungwa naye mguu, na sikuunganisha. Nilikuwa nimekasirika. Niliona vitisho tu. Kwa hiyo unaposema uliyajua maharage, jua hukuwa peke yako uliyelala.

Muuguzi alikuja na mimi nikamfuata boma kwa boma kuuliza nani walikuwa porini msimu ule, nani ana homa, nani analala mchana. Unajua watu walivyojibu? "Hapa hakuna." Wote. Wanajibu haraka kabla hatujamaliza swali. Boma moja huko chini tulimkuta mzee amelala kivulini saa nne asubuhi, nzi mdomoni, na mwanawe anasema ni uzee. Walipimwa watu arobaini na mmoja. Wawili wanao. Wamepelekwa. Wengine kumi na tisa waliokuwa kule walikataa kupimwa, na kuna waliohamia Baray na kwingine na ng'ombe wao, hatujui wako wapi na wanalala vipi.

Nanyori ndiye anayetuongoza njia. Hatujazungumza habari ya maziwa wala ya barua. Anatembea mbele.

Mimi nimeharibikiwa na kitu kimoja, nakuambia wewe tu. Ngoyai akilala usiku, usingizi mzuri wa mtu mzima, mimi namwamsha. Namwamsha mara nne, mara tano. Juzi aliniambia, "Mama Resiato, niache nilale, nimechoka." Daktari alisema arudi kupimwa kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili, kwa sababu wadudu wale huweza kujificha. Miaka miwili. Nitamtazama hivi kwa miaka miwili.

Njoo na Emmanueli shule zikifungwa. Nyumba ya Lomayani tumeiezeka upya. Wazee wamekubali ng'ombe wake wabaki kwa jina la mtoto, na Ngoyai ndiye atakayewachunga.

Sasa hivi ni saa saba mchana. Ng'ombe wako mtoni na Nanyori. Ngoyai alirudi kutoka malishoni akasema jua ni kali, akajilaza kidogo ndani, mkono juu ya macho. Ni mara ya kwanza kulala mchana tangu tutoke hospitali. Mtu yeyote angelala na joto hili, hata mbwa wamelala. Nilijiambia nitamwacha mpaka nimalize barua yako.

Nimeimaliza.

Nalotuesha

Nimemwita. Ameitika mara ya tatu.